Ki-67, p16 na majibu ya kinyama cha mlango wa kizazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mtu wa maabara, sio daktari. Kazi yangu hapa Mwanza ni kupokea vinyama, yani vipande vidogo vya nyama vilivyokatwa mwilini ili vipimwe, kuvikata vyembamba kuliko karatasi ya Biblia, kuvipaka rangi na kumpelekea patholojisti, daktari anayevisoma kwa hadubini, aangalie. Ila kwa sababu mtaani wananijua, ripoti zinanifikia mara mbili, kwanza kazini alafu tena jioni kwenye simu, picha imepigwa ndani ya daladala ya Buhongwa, nusu kivuli, na chini yake swali: "kaka hii Ki-67 ndo nini, mama anakufa?" Nimejibu yale yale mpaka vidole vimechoka, sasa nayaweka yote hapa.

Ki-67 na p16 ni majina ya ugonjwa au ya dawa?

Wala. Ni protini, na kila mtu anazo, hata wewe unayesoma. Seli ikitaka kugawanyika ziwe mbili inapita hatua kwa hatua: inakua, inanakili DNA yake yote, inajikagua, alafu inavuta kromosomu (vifurushi vya hiyo DNA) nusu huku nusu kule na kukatika katikati. Kila hatua ina protini zake za kusukuma na zake za kuzuia. Kidonda kikipona ni hizo, nywele zikiota ni hizo. Na kansa ni nini kama sio seli zinazogawanyika bila ruhusa ya mtu, kwa hiyo tukitaka kujua nani anagawanyika, yuko wapi, na kama alipewa ruhusa, tunazitafuta protini hizo hizo. Tunamwagia kipande kingamwili inayoshika protini moja tu, kisha rangi. Palipo na protini panakuwa kahawia, pasipo nayo panabaki bluu. Ndo hivyo tu, hakuna maajabu.

Imeandikwa "p16 positive". Nina ukimwi?

HAPANA. Hili naliweka juu kabisa kwa sababu linaua watu kwa presha kabla ya kansa yenyewe. Kuna dada alikaa siku tatu hajala, hajamwambia mume, kisa neno hilo moja kwenye karatasi. Neno "positive" hapo linamaanisha rangi imeshika, basi. Kipimo cha VVU ni kingine na kina karatasi yake. p16 haipimi VVU hata kidogo.

Inachoonyesha kwenye mlango wa kizazi, mara nyingi sana, ni kwamba kirusi cha HPV kimeingilia mitambo ya seli. Hicho ni kirusi kingine kabisa.

Nimesoma kwamba p16 ni breki ya seli. Sasa breki zikiwa nyingi si ndo vizuri?

Swali zuri kuliko yote na huwa linaulizwa na vijana wa form four, sio watu wazima.

Chukua boda anashuka kilima cha Bugando na abiria. Siku ya kawaida akigusa breki kidogo tu pikipiki inapungua. Sasa waya wa breki umekatika. Atafanya nini? Atakanyaga mpaka mwisho, atabana na ya mkono, na pikipiki inazidi kushuka. Ukimwona mtu kakanyaga namna hiyo alafu chombo bado kinakimbia huna haja ya kuuliza, waya haupo.

Kwenye seli waya wenyewe unaitwa Rb. Kazi yake ni kushikilia protini nyingine inayoitwa E2F ili isiwashe mitambo ya kunakili DNA mpaka muda ufike. HPV zile hatari zina protini yao, E7, ambayo inaishika Rb na kuiharibu, E2F inabaki huru na seli inaanza kugawanyika hovyo. Seli inaona mambo yameharibika, inamwaga p16 nyingi, nyingi mno, ila p16 inafanya kazi kwa kupitia Rb na Rb yenyewe haipo tena. Ndo maana chini ya hadubini tunaona kahawia nzito iliyoungana, kwenye kiini na nje ya kiini. Kahawia ya madoadoa hapa na pale hatuihesabu, hiyo inaweza kutokea hata kwa mtu mzima wa afya.

Na E7 haiko peke yake. Mwenzake E6 anaiondoa p53, yule mkaguzi ambaye angeiambia seli iliyoharibika ijiue. Yani mmoja kakata breki, mwingine kamfukuza trafiki.

Kwa nini wengine wanapimwa p16 na Ki-67 pamoja?

Kwa seli yenye afya hizi mbili hazikai nyumba moja. p16 inasema simama, Ki-67 inakuwepo pale tu seli ikiwa kwenye mzunguko wa kugawanyika. Ukikuta seli MOJA ina zote mbili, p16 kahawia na Ki-67 nyekundu kwenye kiini, umemkuta yule boda wa Bugando, kakanyaga breki na bado anakimbia. Kipimo cha namna hiyo kinafanyika kwenye seli zilizokwanguliwa, bila kukata nyama, na Marekani walikipitisha mwaka 2020 kwa ajili ya kuchambua wanawake waliokutwa na HPV: nani aende akaangaliwe kwa karibu, nani arudi nyumbani na tarehe ya kupimwa tena.

Ki-67 yangu ni 80%. Ina maana mwili umeshaharibika kwa asilimia 80?

Hapana mama.

Umewahi kusimama Capri Point usiku wa giza, mwezi haupo, ukaangalia ziwani? Unaona taa kama mji mwingine uko kule majini, ni wavuvi wa dagaa. Kila taa ni mtumbwi ulioko kazini. Mitumbwi iliyolala ufukweni haina taa. Sasa Ki-67 ni hizo taa. Tunachofanya ni kuhesabu katika kile kipande kidogo cha nyama, seli ngapi za uvimbe taa zinawaka. 80% ni kwamba kati ya seli 100 za uvimbe, 80 ziko kwenye mzunguko wa kugawanyika. Za uvimbe, sio za mwili wako. Na taa haikuambii mtumbwi umefika wapi. Unaweza kuwa na taa nyingi zote zimejazana hapa hapa karibu, au chache lakini zimeshafika mbali, kisiwani Ukerewe.

Jina lenyewe, kwa wanaopenda, linatoka mji wa Kiel huko Ujerumani ambako waliigundua, walichapisha 1983, na 67 ni namba ya kishimo kwenye sahani ya maabara ambamo ile kingamwili ilipatikana. Kwa hiyo hata ile 67 sio kipimo cha kitu. Kuna mzee aliwahi kuniuliza kama 67 ni miaka.

Kitu kingine ambacho patholojisti anaangalia kuliko asilimia ni MAHALI. Kwenye mlango wa kizazi wenye afya Ki-67 inaonekana kwenye safu za chini tu, kule seli mpya zinakozaliwa, alafu zikipanda juu zinatulia. Zikianza kuonekana katikati, na mwisho juu kabisa, ndo tunajua mabadiliko yamekuwa makubwa. Hapo bado inaweza isiwe kansa, ni dalili za awali, na zinatibika kwa kugandisha, kuunguza kwa joto au kukata kile kipande.

Ni hizo mbili tu au ziko nyingine?

Ziko kibao. MCM2 mpaka MCM7, hizi sita zinakaa kama pete na kufungua DNA ili inakiliwe. TOP2A inakata na kuunga DNA iliyojisokota. Saiklini, ambazo Tim Hunt alizigundua mwaka 1982 kwenye mayai ya urchini, mnyama mdogo wa baharini mwenye miiba, zinapanda na kushuka kila seli ikigawanyika, na 2001 yeye na Leland Hartwell na Paul Nurse wakapewa Nobeli kwa kazi ya mzunguko wa seli. Kuna Aurora na PLK1 zinazosimamia ule mvutano wa kromosomu, na survivini ambayo inasaidia kugawanya na hapo hapo inazuia seli isijiue. Nyingi kati ya hizi zimekutwa juu kwenye kansa ya mlango wa kizazi kuliko kwenye mlango wenye afya. Ila kwenye karatasi yako hutaziona, nyingi zimebaki kwenye tafiti. Ukisikia mtu anakuuzia kipimo cha survivini mtaani, shika pochi yako.

Sasa niambie ukweli. Ki-67 ikiwa juu, mgonjwa ana muda gani?

Hapa ndo penyewe, na hapa nitakaa.

Hakuna mtu anayeweza kuchukua namba ya Ki-67 akakuambia miezi. Sio kwamba tunaficha. Tafiti zimefanyika nyingi, wanachukua vinyama vya zamani, wanahesabu taa, kisha wanaangalia nani aliishi na nani alifariki, na majibu yamepishana: wengine walikuta Ki-67 ya juu inaendana na kuishi muda mfupi, wengine hawakuona tofauti, na wapo walioona waliotibiwa kwa mionzi wenye Ki-67 ya juu hawakufanya vibaya. Ukifikiria sio ajabu, kwa sababu seli inapokuwa inagawanyika ndo mionzi na dawa zinaipata vizuri, hasa ikiwa mwishoni inajiandaa kukatika. Ile kasi inayomfanya adui akue ndo inayomuweka wazi. Na kuna shida ya kuhesabu: uvimbe hauko sawa kila upande, kipande cha kona hii kinaweza kuwa 40 na cha kona ile 75, na watu wawili wakihesabu kipande kile kile hawapati namba moja.

p16 nayo inashangaza watu. Tafiti zilizojumlishwa pamoja zinaonyesha wenye kansa yenye p16 positive kwa ujumla wanaishi muda MREFU kuliko wasio nayo. Yani lile neno lililomnyima dada wa watu usingizi siku tatu, lilikuwa upande wake. Sababu ni kwamba kansa za mlango wa kizazi zisizotokana na HPV, ambazo ni chache na nyingi ni za aina ya tezi (zinaanzia kwenye seli zinazotoa ute), huwa p16 haiwaki, na hizo ndo sugu zaidi, haziitikii dawa vizuri. Tangu 2020 Shirika la Afya Duniani linazitenganisha kabisa kwenye majina, zenye HPV huku na zisizo nayo kule, na p16 ndo njia ya bei nafuu ya kuzitambua pale ambapo kipimo cha HPV chenyewe hakipo.

Lakini kinachoamua zaidi kuliko protini yoyote ni steji, yani kansa imeenea mpaka wapi. Namba za Marekani, sizo za kwetu ila zinakupa picha: kansa ikiwa bado mlangoni tu, karibu 90 kati ya 100 wako hai baada ya miaka mitano. Ikishafika jirani au kwenye matezi, wanabaki kama 60. Ikishasambaa mbali, chini kidogo ya 20. Angalia hilo pengo. Hakuna Ki-67 itakayokupa pengo kama hilo.

Na ukishaanza mionzi kuna mambo mawili ambayo nakuomba uyashikilie kuliko namba yangu ya maabara. La kwanza, matibabu ya mionzi yote, ya nje na ile ya ndani, yanatakiwa yaishe ndani ya wiki nane, kila ukikatisha kwa ajili ya msiba, mavuno au nauli, uwezekano wa kupona unapungua. La pili ni damu. Mtu aliyeishiwa damu mionzi haimfanyii kazi vizuri, na wengi wanafika wameshatoka damu miezi. Ndugu anayeuliza "tumsaidieje" jibu ni hilo, nauli na damu. Changeni hivyo kwanza.

Ripoti yangu imeandika steji gani? Siioni.

Hutaiona, sisi hatuiandiki kwa kipande kidogo. Steji anaiweka daktari baada ya kukupima kwa mkono, ultrasaundi, siti skani na vingine. Iko kwenye faili. Muulize kwa mdomo: "daktari, niko steji ya ngapi na imefika wapi?" Una haki ya kujua, usitoke mlangoni hujauliza.

Ripoti yangu haina Ki-67 wala p16. Nilipunjwa?

Hapana. Kansa nyingi patholojisti anaiona kwa rangi mbili za kawaida, zambarau na pinki, ambazo zina zaidi ya miaka 100. p16 inaitwa pale anapokuwa njia panda, hasa mabadiliko yale ya katikati, au kutofautisha kama kansa ya tezi imeanzia mlangoni au ndani kwenye mji wa mimba. Kingamwili ni ghali na zinakaa kwenye friji, na umeme tunaujua.

Kwa nini wanataka nikatwe kinyama tena?

Mara nyingi ni formalini, ile dawa ya maji ya kuhifadhi kinyama kisioze. Kinyama kikitolewa kinatakiwa kiingie kwenye formalini hapo hapo, na iwe nyingi, mara kumi ya ukubwa wake, sio kulowana tu. Nimepokea kinyama kimevuka ziwa kwenye chupa ya maji ya chumvi, siku mbili, joto la Mwanza hili. Kilikuwa kimeshaanza kuoza. Protini za kugawanyika zinaweza kupotea hivyo, kwa hiyo Ki-67 ikisoma sifuri hapo ni uongo mtupu, na uongo wa kufurahisha ndo mbaya zaidi. Nilikaa nacho mkononi nikimfikiria yule mama aliyepanda kivuko alfajiri. Kwa hiyo ukipewa chupa uibebe mwenyewe kwenda maabara, angalia mambo matatu: kinyama kimezama, jina limeandikwa kwenye chupa na sio kwenye mfuniko, na kifuniko hakivuji. Usiongeze maji, usiweke friza.

Kipimo cha siki nilichofanya kliniki kinaonyesha hizi protini?

Hapana, pale nesi anapaka asidi ya siki ya asilimia 3 mpaka 5, anasubiri dakika moja, sehemu yenye mabadiliko inageuka nyeupe. Ni rahisi, ni haraka na majibu unaondoka nayo. Kifanye.

Kama ni HPV basi mume wangu kaniletea?

Swali hili limevunja ndoa nyingi kule Kirumba na kwingine, na mimi sio mzee wa baraza. Ninachojua: HPV inaambukizwa kwa ngono, karibu kila mtu aliyewahi kufanya ngono anaipata wakati fulani, na kama 9 kati ya 10 mwili unaifukuza ndani ya miaka miwili bila mtu kujua. Ile inayogoma kutoka ndo inaleta shida, na toka inaingia mpaka kansa inaweza kuchukua miaka 15 mpaka 20. Kwa hiyo kirusi cha leo kinaweza kuwa cha kabla hata hujamjua huyo mume, au yeye hajakujua wewe. Karatasi ya maabara haitoi ushahidi wa nani alimfanyia nani nini. Msiilete kwenye kikao cha ukoo.

Nina VVU kweli, natumia dawa. Kwangu inabadilika nini?

Hatari ni kama mara sita zaidi, na kama kinga iko chini na hutumii dawa ile miaka 15 hadi 20 inaweza kushuka kuwa 5 hadi 10. Shirika la Afya Duniani linashauri uanze kupimwa ukiwa na miaka 25, sio 30, na urudie kila baada ya miaka 3 mpaka 5. Kule unakochukua dawa uliza siku hiyo hiyo, usifanye safari mbili.

Ni kweli kuna seli za kansa ya mwanamke mmoja ambazo hazijafa mpaka leo?

Kweli. Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi, alifariki 1951 kwa kansa hii hii ya mlango wa kizazi, na seli zake zilichukuliwa Baltimore bila ridhaa yake. Zinaitwa HeLa na bado zinagawanyika kwenye maabara za dunia nzima. Baadaye ikajulikana ndani yake kuna HPV 18, moja ya zile aina hatari. Harald zur Hausen aliyeonyesha HPV ndo chanzo alipata Nobeli 2008, na HPV 16 na 18 peke yake zinabeba karibu asilimia 70 ya kansa hizi. Mengi tunayoyajua kuhusu E6, E7 na hiyo waya ya breki yalisomwa humo kwenye seli za yule mama. Familia yake ilikaa miaka zaidi ya 20 haijui.

Binti yangu ana miaka 12. Chanjo ile ya HPV inaharibu uzazi?

Haiharibu. Na hii ni fahari yetu kidogo, niruhusu. Utafiti mmoja uliosaidia dunia kujua kwamba dozi moja inaamsha kinga ya kutosha ulifanyika hapa hapa Mwanza na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na wenzao, uliitwa DoRIS, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14. Tanzania ilianza chanjo hii nchi nzima 2018 kwa dozi mbili, na 2024 ikahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 mpaka 14. Sindano moja, E7 za HPV 16 na 18 hazipati pa kuingilia. Mimi wa kwangu kachomwa shuleni, alilia zaidi kwa sababu ya foleni.

Naweza kukutumia picha ya ripoti yangu?

Tuma, nitakusomea maneno, matibabu ni ya daktari wako. Ila funika jina na namba ya faili kwanza, piga ukurasa wote mpaka ile sehemu ya chini yenye maoni ya patholojisti, maana kila mtu anakata hapo hapo. Na tafadhali, voisi ya dakika saba saa nane usiku sisikilizi, andika.